Chumvi Kwenye Sufuria ya Mama Povu

Uani, 3 Februari

Mdadisi wangu,

Hujambo, mwanangu? Kile kikohozi cha likizo kimekuacha, au bado mnalala nacho kitanda kimoja? Baba yako ni mzima, anakusalimu, anasema usome. Unamjua kaka yangu, maneno anayatoa kama mtu anayeng'olewa kucha. Mimi nikikwambia ni mzima nitakuwa mwongo. Nakula, natembea, presha haijapanda, lakini nachemka. Naamka nachemka na nalala nachemka, na kuni za moto huo anazitia mtu mmoja tu.

Mama Povu, mwenzangu wa sabuni miaka yote, amefungua meza yake sokoni, mkabala na pale ilipokuwa yangu. Nikipita kununua nyanya namwona amepanga vipande vyake vya sabuni, amevifunika kitambaa cheupe, na mbele za watu ananiambia, "Shikamoo, dada," kwa sauti laini utadhani hajawahi kukanyaga hata sisimizi. Siku moja kitunguu nilichoshika kilitaka kuruka chenyewe kikampige usoni.

Wewe ulirudi shule kabla mambo hayajaharibika, kwa hiyo umesikia nusunusu. Sikiliza yote. Siku ile nilitoka kung'olewa jino, mdomo umekufa ganzi, shavu limejaa pamba. Kostiki ya kwenye ndoo yetu, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ilikuwa imekwisha, imebaki mabonge chini, na Mama Povu alikuwa amenunua mpya ya pipa lililofungwa. Nikapima kwa kopo langu la bluu, kopo lile lile alilopimia bibi yako. Nikaimwaga kwenye mafuta, nikakoroga, nikamwachia yeye amalizie moto. Siku nyingine yoyote ningeonja. Unajua sisi watu wa sabuni, sufuria haiachwi mpaka imegusishwa ulimi: ikiuma bado, ikinyamaza tayari. Lakini yeye hajawahi kuonja maishani mwake, anasema kinyaa. "Ulimi wako ndio mizani yetu, dada," huo ndio wimbo wake. Na siku ile mizani ilikuwa imelala.

Tukauza. Muuguzi wa zahanati mikono ikachubuka. Mtoto wa kinyozi akatoka malengelenge mgongo mzima. Na yule niliyemfundisha kushika mwiko akasimama katikati ya soko akapaza sauti: "Jamani, sabuni ile msitumie, irudisheni, inaunguza!" Hakusema sabuni yetu. Alisema sabuni ile, akaninyooshea mimi kidole. Wiki hiyo hiyo akahamishia sufuria yake upande wa pili wa ua na kupiga ukuta wa mabati katikati.

Mimi na kopo langu hatujakosea tangu hujazaliwa. Nani alibaki na sufuria? Nani aliijua siku ambayo ulimi wangu umekufa? Aliongeza kostiki ili aniangushe, na nimeanguka. Hakuna anayenunua kwangu hata kipande cha kufulia matambara.

Sasa wewe unasoma sayansi, na karo tunalipa. Niambie: ni kitu gani ukikitia kwenye sabuni ya mtu inaharibika isirudi? Sitaki jambo la kupasha moto na kurekebisha. Mwosha huoshwa.

Nijibu haraka. Dereva wa lori la unga atakuletea hii na atasubiri jibu safari yake ijayo.

Shangazi yako akupendaye


Shuleni, 11 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenikuta salama. Kikohozi kimekwisha, kilishindwa na baridi ya bweni kikahama chenyewe. Jino je? Pengo limepona? Mwambie Baba nimemsikia, nasoma.

Nimesoma barua yako mara mbili na mara zote nimeumia. Kukuona huna meza sokoni ni kama kuambiwa soko lenyewe limehama. Sisemi huna haki ya kukasirika.

Umeuliza, na kwa bahati ndiyo mada tuliyo nayo. Mwalimu wetu wa kemia tunamwita Kibiriti, kwa sababu kila kipindi anaingia akiuliza nani ana kibiriti. Anasema maada ina sifa za aina mbili. Sifa za kifizikia unaziona bila kukigeuza kitu kuwa kingine: rangi, harufu, ugumu, joto linalokiyeyusha, kinazama au kinaelea. Sifa za kikemia huzioni kwa macho hata ukitazama kutwa nzima, mpaka kitu kikutane na mwenzake. Ukiutazama msumari mpya huioni kutu. Ngoja maji na hewa viujie, ndipo utaijua tabia yake. Mwalimu akasema hata watu ni hivyo, darasa likacheka, kisha akatupa zoezi.

Na mabadiliko nayo ni mawili. Nikamwambia kwetu tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Akanijibu, "Yaliyomwagika bado ni maji. Yatakauka, yatakuwa mvuke, yatarudi mvua. Hayo ni ya kifizikia. Lete kitu kilichoungua, hicho ndicho hakizoleki." Sabuni ukiiyeyusha ikaganda tena bado ni sabuni. Lakini mafuta na kostiki vikishaoana vikawa sabuni, hakuna talaka.

Kwa hiyo lisilorudi lipo, Shangazi. Lakini nakuomba usilitafute. Mama Povu ndiye aliyenisuka nywele miaka yote nilipokuwa naishi hapo uani, nimekaa katikati ya magoti yake na wewe unapiga hadithi. Siwezi kulisahau hilo hata nikijilazimisha. Zungumza naye kwanza.

Mtoto wa kaka yako


Uani, 19 Februari

Mdadisi wangu,

Hujambo? Chakula kinatosha? Sisi wazima. Pengo limepona, ila hasira haijapona.

Mimi nilikuuliza dawa ya adui, wewe umenijibu habari za msumari! Mwalimu wako huyo Kibiriti ameniwasha kweli. Hata hivyo kuna mahali umenisaidia bila kujua. Umesema tabia haionekani mpaka kitu kikutane na mwenzake. Basi nimejua cha kukutanisha.

Nizungumze naye? Jana nilimkuta bombani. Nikamwambia, "Wewe, sufuria ile uliifanya nini?" Akaweka ndoo chini, akanitazama, akasema, "Dada, sikuifanya kitu. Lakini watu walikuwa wanaungua. Ningenyamaza?" Akajitwisha ndoo akaondoka. Ningenyamaza! Asante ya punda ni mateke, mwanangu, na huyu ana kwato za chuma.

Nimeamua. Kwenye ule ukuta wa mabati kuna mlango, na kufuli lililopo ni kufuli letu la zamani. Yeye ana ufunguo wake, mimi nina wangu, na hajakumbuka. Akishaweka sufuria motoni huwa anakwenda bombani, na foleni ya bomba unaijua, mtu anaweza kuolewa na kuachika akiwa bado anasubiri. Nitaingia na kopo langu la bluu limejaa kostiki, nitamwaga, nitakoroga, nitatoka. Yeye haonji. Atakata vipande, atavifunika kitambaa chake cheupe, atauza. Kisha nitasimama mimi katikati ya soko nipaze sauti.

Usiniambie habari ya watu kuungua. Muuguzi alipona. Mtoto wa kinyozi anacheza mpira. Ngozi inarudi, jina ndilo halirudi. Hilo mwambie mwalimu wako aliandike ubaoni.

Shangazi yako


Shuleni, 24 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo.

Usitie kostiki. Mtu akiungua wataanza kuulizana nani aliingia, na wa kwanza kutajwa ni wewe uliyegombana naye. Utafungwa, na Baba atakuja kukutazama asijue hata la kusema.

Kama ni lazima uharibu, tia chumvi. Chumvi ya kawaida ya jikoni, nyingi, iliyokorogwa kwenye maji mpaka haiyeyuki tena. Ukiimwaga kwenye sufuria ya sabuni inayochemka, sabuni itakatika mbele ya macho yako kama maziwa yaliyochacha. Itakuwa mabonge juu na maji machafu chini. Hakuna mtu atakayeungua, na hakuna atakayejua ni nani, maana chumvi haina harufu wala moshi. Mwalimu alituonyesha darasani, kwenye chombo kidogo. Ilitisha.

Jambo la pili. Unasema Mama Povu aliongeza kostiki. Basi tupate ushahidi. Niletee vitu vitatu kwa dereva: kipande cha ile sabuni iliyounguza, kama umekihifadhi, yale mabonge yaliyobaki kwenye ndoo yetu ya zamani, na kidogo cha ile kostiki ya pipa jipya, kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Shika kwa kijiko, si kwa mkono. Nitaomba niingie maabara.

Mtoto wa kaka yako


Uani, 5 Machi

Mdadisi wangu wa dhahabu,

Hujambo, hujambo, hujambo! Mimi leo ni mzima kweli, mzima kama ng'ombe wa maziwa. Baba yako amenisikia naimba akauliza kama nimeokota kitu.

Nimefanya. Chumvi niliinunua kwenye maduka manne tofauti nisije nikaulizwa nafungua kiwanda cha nini. Alipokwenda bombani nikafungua kufuli, nikaimwaga ndoo nzima. Mwanangu! Sufuria ile ilikuwa inazunguka laini, nzito, inang'aa. Ghafla ikashtuka. Ikakatika vipande vipande, ikawa mabonge mabonge, maji ya kahawia yakashuka chini. Nilisimama pale mpaka nikasahau kukimbia.

Niliporudi upande wangu nikapanda juu ya kigoda, nikachungulia kwenye tundu la bati. Alirudi, akatua ndoo, akatazama. Akashika mwiko akainua bonge moja, likadondoka. Akakaa chini mikono kichwani. Mafuta ya sufuria nzima! Nilishika mdomo nisicheke. Nikajiona nimemrudishia kidogo, kidogo tu, kwa siku ile ya sokoni. Nimelala usingizi ambao sijalala tangu Januari.

Ulivyoviomba ninavituma. Chupa yenye kizibo cheusi ni ya ndoo ya zamani, yenye kizibo chekundu ni ya pipa lake, niliichota siku ile ile ya chumvi. Sabuni nimeifunga gazeti. Mkamate huyo mwanamke kwa sayansi yako, na mimi nitamkamata kwa ulimi wangu.

Shangazi yako mwenye furaha


Uani, 16 Machi

Wewe mtoto,

Natumaini ni mzima. Mimi usiniulize.

Hakuimwaga. Unasikia? Nilidhani ataimwaga mferejini. Aliyaacha yale mabonge yapoe, akayaengua, akayaosha, akayaminya kwenye kitambaa, akayayeyusha tena na kuyatia kwenye umbo. Imetoka sabuni nyeupe, ngumu, haina harufu ya mafuta, ukiigonga inalia kama ubao. Soko zima linasema. Muuguzi yule yule wa mikono kuchubuka amenunua na kuwasimulia wagonjwa. Sasa kila sufuria Mama Povu anaitia chumvi makusudi! Ameifanya ndiyo siri yake. Yale maji ya kahawia anayaweka kwenye pipa kuukuu karibu na mabati. Na mwenye chumvi ya kwanza ni mimi, mimi niliyezunguka maduka manne kumnunulia adui utajiri.

Nimekaa nikafikiri. Ama mwalimu wako ni mjinga, ama wewe si mjinga hata kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe nguo zako nilikufulia mimi.

Sitaki tena ushauri. Nimenunua kostiki mpya, ipo chini ya kitanda changu. Ijumaa ana sufuria kubwa kuliko zote, ameagizwa na wenye hoteli. Nitakwenda na kopo langu kama nilivyopanga tangu mwanzo. Safari hii hakuna kurudi nyuma.

Kuhusu vile vitu nilivyokutumia, kama umepata jibu, kaa nalo.

Dada ya baba yako


Shuleni, 20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nakusalimu hata kama hutaki kunijibu. Mimi ni mzima. Naandika mbio kwa sababu dereva amewasha gari, naye anasema njia imeharibika, huenda asifike kabla ya Ijumaa. Nimemwomba kama mtu anayeombea mgonjwa.

Nilikudanganya. Nilijua chumvi haiui sabuni. Sabuni haivumilii maji yenye chumvi nyingi, inajitenga na kuelea, ikiwa safi. Uchafu na kostiki iliyozidi vinabaki kwenye maji ya chini. Nilitaka uone imeharibika uridhike, na watu wasiungue. Nikadhani ataimwaga. Nikaangalia sufuria, sikumwangalia yeye.

Sasa lile jibu, na utanisamehe maana sikai nalo. Chupa zote mbili zina kitu cheupe. Nilizigusisha karatasi nyekundu ya litmasi, ile inayofichua kostiki na jamaa zake, zote zikaigeuza bluu. Nikafikiri ni ndugu. Mwalimu akasema, "Umeuliza swali moja. Uliza la pili." Nikatia asidi iliyozimuliwa kwa maji, kidogokidogo. Ya kizibo chekundu, ile ya pipa, ikapata joto tu ikanyamaza. Ya kizibo cheusi, ile ya ndoo yetu, ikatoa mapovu, ikachemka kama soda. Kostiki halisi haifanyi hivyo, Shangazi. Magadi ndiyo hufanya hivyo.

Kisha tukaweka punje chache za pipa jipya kwenye kisahani, wazi. Kipindi hakijaisha zilikuwa zimelowa, na hakuna aliyezimwagia maji. Hiyo ndiyo tabia yake. Kostiki inavuta unyevu wa hewa, na inavuta pia hewa tunayoitoa puani, na taratibu inageuka kuwa magadi. Ndoo yetu haijawahi kuwa na mfuniko tangu enzi za Bibi. Kila kopo la bluu ulilopima lilikuwa kostiki kidogo, na mengine maji na magadi. Bibi alilizoea kopo hilo, ukalizoea wewe, na ulimi ukakubali. Siku Mama Povu alipoleta ya pipa lililofungwa, kopo lile lile likabeba kostiki tupu. Kwa macho ni ile ile. Siku hiyo ulimi wako ulikuwa umelala.

Hakuna aliyeongeza kitu. Ilikuwa kopo.

Najua maneno haya yanauma kuliko jino. Lakini usiende Ijumaa. Na yale maji ya kahawia ya kwenye pipa lake usiyaguse hata kwa kidole, ukali wote umehamia humo.

Nakupenda. Ukitaka kunichukia, nichukie, lakini usiende.

Mtoto wa kaka yako, na wako


Shuleni, 2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Sijapata neno lolote kutoka kwenu. Dereva anasema barua aliipeleka, akakuta kwako kumefungwa, akampa mwanamke wa upande wa pili wa mabati. Nikamuuliza, mwanamke gani? Akasema, mwenye mikono myeupe.

Siwezi kusoma. Tumeanza mitihani, na swali la kwanza lilisema: taja sifa mbili za kikemia za kitu chochote. Niliandika kostiki, nikalia mpaka msimamizi akaniletea maji.

Niambieni tu kama watu ni wazima. Baba, kama ni wewe unaisoma hii, andika hata mstari mmoja.

Mtoto wenu


Uani, 14 Aprili

Mdadisi wangu,

Hujambo? Umemaliza mitihani? Mimi nipo hai. Baba yako alikuandikia mstari mmoja, nikauchana, maana ulisema "Usijali", na mimi nataka ujali.

Nakuandikia kwa sababu kusema siwezi. Mkono ndio uliobaki na adabu.

Ijumaa nilikwenda. Barua yako ilikuwa bado njiani imekwama kwenye tope. Nilifungua kufuli, nikamwaga kopo la bluu limejaa mpaka pomoni, nikakoroga, nikatoka. Nakwambia kweli, nilijisikia vizuri. Yeye akarudi kutoka bombani akatia chumvi yake kama kawaida, akaengua, akaosha, akaminya. Ilipokauka akaipeleka hotelini, iliyobaki akaipanga sokoni.

Nikangoja kelele. Asubuhi, kimya. Mchana, kimya. Wapishi wa hoteli wanaosha vyombo wakipiga soga. Nikamtuma jirani aninunulie kipande, nikakigusisha ulimi. Kimya! Haiumi hata kidogo, mtoto mchanga angeogeshwa nayo. Nikasema mwenye duka ameniibia, ameniuzia chokaa. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikataka nijue, kostiki yangu ina nguvu au haina. Mlango nikaufungua mchana kweupe, kopo langu mkononi, nikaenda kwenye lile pipa la maji ya kahawia, nikachota kwa mwiko, nikaonja.

Siku zote tunagusisha ncha. Mimi nilipiga ulimi mzima, kwa hasira.

Hutaki kujua, na sitakuandikia. Nilianguka pale pale, miwani ikavunjika. Aliyenisikia ni yeye. Alikuja mbio akaona mwiko, akaona pipa, akaona ufunguo umening'inia mlangoni. Hakuuliza. Alinikokota mpaka bombani, foleni nzima ikaruka pembeni, akanikaba shingo kama kuku, na lile kopo langu la bluu, nililokuwa bado nimelishika, akalisuuza na kuanza kunimwagia maji mdomoni. "Tema! Usimeze! Tema!" Nikitema anamwaga, nikitema anamwaga, mpaka nguo zetu zote mbili zikalowa. Kisha akanibeba mgongoni hadi zahanati. Aliyenipokea ni yule yule muuguzi. Nilimtazama mikono.

Niliandika kwamba mwosha huoshwa. Basi nimeoshwa.

Barua yako ilifika nikiwa kwake. Ndiyo, kwake, kitandani kwake, maana baba yako hajui hata kuchemsha maji. Alipoona mwandiko wako akafurahi. "Ni ya binti yetu," akasema, "ngoja nikusomee, miwani huna." Nikatikisa kichwa. Akadhani natikisa kwa maumivu. Nikataka kusema usisome, ulimi ukawa gogo. Nikamshika kanga, akaniondoa vidole polepole kimoja kimoja, akaanza. "Shikamoo Shangazi, nakusalimu hata kama hutaki kunijibu."

Akasoma yote. Ya chumvi, ya Ijumaa, ya kostiki. Alipofika kwenye kopo akasimama, akarudia mstari ule taratibu, "Hakuna aliyeongeza kitu." Kisha akamaliza mpaka kwenye "na wako". Nilikuwa nimefumba macho, nasubiri kofi. Nililitaka kofi, mwanangu. Kwa kofi ningejua la kufanya.

Akaikunja barua, akaiweka chini ya mto wangu, akasema, "Uji utapoa."

Hajasema lingine mpaka leo. Kuhusu kopo sijui nikujibu nini. Kila nikilifikiria namwona mama yangu amelishika, na sitaki aonekane na kosa. Ndoo nimemwona Mama Povu akiitafutia mfuniko. Naona aibu, na bado nina hasira naye, vyote viwili vimekaa kifuani havitaki kuoana. Angenitukana sokoni ningelala usingizi. Angenipeleka polisi ningejua tumelipana. Yeye ananipikia.

Daktari anasema ngozi ya ulimi itarudi, lakini ladha huenda isirudi. Sisikii chumvi, sisikii sukari, sisikii chungu. Mizani yetu imekufa, na safari hii si ganzi. Kila asubuhi analeta bakuli la uji mwembamba, anakaa kwenye kigoda, anatazama mpaka nimalize. Ametia nini humo, siwezi kujua. Namtazama macho yake, na uliniambia mwenyewe kwamba tabia ya kitu haionekani kwa macho.

Ukija likizo, njoo na zile karatasi zako za litmasi.

Lakini usije nazo mbele yake. Na mpaka utakapofika, kila asubuhi, mimi nameza.

Shangazi yako